Mbeleko ya Raya

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali zamani ya juzijuzi, king'ora cha kiwanda cha kamba kilipokuwa ndiyo saa ya mji wa Tanga, aliishi mjane kijana akiitwa Saumu. Mumewe alifariki yeye akiwa mjamzito. Akajifungua mtoto wa kike, akamwita Raya. Arobaini ilipokwisha, kiwanda kikamwita, maana machozi hayapiki ugali.

Nani atalea? Kumpeleka mtoto kwa mlezi wa kulipwa kila siku, mshahara ungeishia huko huko. Mavyaa yake, mamaye marehemu mumewe, Bibi Mwantumu, akatoa shauri. "Mwanangu, mimi mbio za mtoto siziwezi tena. Tafuta msichana akae nasi. Ale tunachokula, nawe umfundishe ujuzi wako wa kushona. Huyo utammudu."

Wakampata Mboni, binti wa milima ya Lushoto aliyetamani kujua cherehani. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu. Bibi Mwantumu akatoka chumbani mwake, akatandika mkeka ukumbini. Saumu akanunua kanga nzuri ya mbeleko. Mboni akatoa mgongo.

Na mpango ulifaa, tusiwe wanafiki. Saumu alirudi kutoka zamu akakuta mtoto kashiba, kaoga, kalala. Mwingine angeshukuru. Yeye alishukuru na roho ikamuuma. Raya alilia mikononi mwake, akanyamaza mgongoni kwa Mboni. Raya alianguka miguuni pake, akainuka, akampita, akamkimbilia Mboni. Siku alipotamka "mama" kwa mara ya kwanza, alikuwa akimtazama Mboni. Saumu akacheka pamoja nao, kisha akaingia jikoni kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Wivu ukamla mpaka ukamshinda. Asubuhi moja akasema, "Mboni, kushona umeshajua. Nenda kwenu." Mbeleko akaifungia sandukuni.

Raya akakataa uji, akakataa maziwa, akakaa mlangoni akitazama njia. Homa ikampanda. Bibi Mwantumu akamwambia mkwewe, "Kijicho chako kitatuzikia mtoto. Mfuate." Saumu akapanda basi hadi Lushoto, akaikunjua ile kanga mbele ya Mboni na kusema, "Mwanao anakuita." Neno hilo lilimuunguza ulimi. Mboni alikuwa ameshachumbiwa. Akamwomba mchumba asubiri, mchumba hakusubiri. Akarudi Tanga, akamlea Raya mpaka akaanza shule.

Miaka ikaenda, Raya akaposwa. Ada mnazijua: mkaja ni wa tumbo lililozaa, mbeleko ni ya mgongo uliobeba. Kwa kawaida mama huzipokea zote mbili na hakuna anayeuliza. Siku ya harusi, shangazi wa bwana harusi akaingia na sinia. Mkaja akampa Saumu, vigelegele vikapigwa. Kisha akainua kitambaa cha pili, kanga mpya. "Aliyembeba mwali asimame, apokee mbeleko yake."

Saumu akasimama. Mboni, aliyekuja kama mgeni, akasimama. Bibi Mwantumu akashika mkongojo wake, naye akasimama.

"Dada," alisema Mboni, "kanga ilikuwa yako, mgongo ulikuwa wangu. Tumbo lako limeshapewa haki yake. Mimi niliolewa nimechelewa, nikajaliwa wavulana watupu. Mbeleko nyingine haitanifikia."

"Na huo mgongo ulilala wapi?" akauliza Bibi Mwantumu. "Ulilala kitandani kwangu. Wangu ulilala chini mpaka ukapinda, mnauona. Nisingetoa chumba, Mboni asingekaa. Asingekaa, Saumu asingekwenda kazini, na mtoto angekula nini? Nami nilizaa wanaume tu, na baba wa mwali nimemzika kwa mikono hii."

Saumu akamtazama Mboni, na wivu wa zamani ukaamka kana kwamba ulikuwa umesinzia tu.

"Nyinyi mlimbeba mtoto," alisema. "Mimi nilibeba kumwona akibebwa. Nilisimama mashineni ili mwingine aitwe mama. Kisha nikamfuata huyo mwingine kwao, nikamrudishia mwanangu kwa mikono yangu. Nani kati yenu angeweza? Na binti ninaye huyu mmoja."

"Ikatwe vipande vitatu," mmoja akanong'ona.

"Mbeleko haikatwi," shangazi akamkemea. "Ni nuksi kwa uzazi wa bibi harusi. Muulizeni mwali."

Nyuma ya pazia Raya akasema, "Mpeni mama yangu Saumu aitoe yeye. Atakayempa, nimeridhia. Akibaki nayo, nimeridhia."

Shangazi akamtua Saumu sinia mikononi. Saumu akaikumbatia ile kanga mpya, na vidole vikakataa kufunguka. Akiitoa, atakuwa amemtoa mwanawe mara ya pili, na mbele ya watu. Akibaki nayo, kila atakapoifungua atauona mgongo wa Mboni. Bibi Mwantumu naye alikuwa akitetemeka juu ya mkongojo, na hakukubali kuketi.

Mimi hadithi naitua hapo, juu ya sinia. Nyinyi mliokaa hapa kunisikiliza, na huko nyumbani mtoto kabebwa na mtu mwingine, nisaidieni: je, mbeleko ya Raya, nani aliistahili?