Kunguru Aliyekuja Kufagia

Paukwa!

Pakawa.

Haya, kaeni kitako. Atakayesinzia na aote jaa.

Hapo zamani za kale, kijijini Mtondooni, aliishi mjane mmoja, Mwanakheri, hodari wa kupara samaki, mvivu wa kushika jembe. Matumbo ya samaki aliyatupa jaani, nyuma ya jiko. Uvundo ulipomshinda, akasikia ng'ambo kuna Kunguru, ndege mla uchafu. Akamwita.

Kunguru akaja na shingo yake ya kijivu, akainama. "Shikamoo, bibi. Mimi nimekuja kufagia tu."

Akafagia kweli. Mwanakheri akajisifu kisimani mpaka wenziwe wakachoka.

Sasa, kwenye mkomamanga wa uani aliishi Chozi, ndege mdogo kama kidole gumba, mla viwavi wa kunde. Asubuhi moja akaja jikoni. "Bibi, mgeni wako kala mayai yangu."

"Taga mengine. Mwenzio ananifagilia."

Chozi akataga. Kunguru akala. "Bibi, mgeni wako kala mayai yangu."

"Taga mengine, usinipigie kelele."

Akataga, yakaliwa. Mara ya tatu alipokuja, alimkuta Mwanakheri kajishika kichwa: Kunguru kabeba vifaranga wote wa kuku wake.

"Kuku wako atataga mengine, bibi," akasema Chozi.

Mwanakheri akatega mtego. Kunguru akautazama toka paani, akacheka. "Bibi, huo mtegee kuku. Mimi nimekuja kufagia tu."

"Nifanyeje, Chozi?"

"Ulimwita kwa matumbo ya samaki. Jembe unalo, au linasubiri mchumba?"

Mwanakheri akachimba shimo, akafukia jaa lote, mgongo ukimlaani. Kunguru akaja kula, akakuta udongo. Akahamia kwa jirani. Mwanakheri akamfuata huko na jembe begani, akamwamsha jirani, wakafukia. Akahamia nyumba ya pili; wakafukia. Ikawa hivyo mlango kwa mlango, mpaka Kunguru akaondoka Mtondooni na njaa yake, hata kuaga hakuaga.

Kunde za mwaka ule zililiwa na viwavi, maana makinda wa Chozi wa kuwala hawakuanguliwa; hizo hazikurudi. Lakini Chozi alifuma kiota kipya kwa utando wa buibui, kwenye mlango wa jiko hasa, na Mwanakheri akawa anainama kila akipita.

Hadithi yangu nimeifukia hapo. Na yule aliyeacha matumbo ya samaki uani kwangu leo, namjua. Jembe liko nyuma ya mlango.