Fundi Saa Aliyengoja Nusu Saa

Ndugu zangu, tangu nisimame hapa nimewaona watatu wakichungulia saa. Mmoja amevuta mkono wa shati polepole akidhani simwoni. Sikasiriki. Tena mmenisaidia, maana mtu ninayetaka kuwaeleza leo alitazama saa maisha yake yote, za kwake na za watu.

Palikuwa na fundi saa katika mji mmoja mdogo, barabara ya sokoni. Jina lake siwapi, mtaanza kumtafuta. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa shati lililopigwa pasi. Ukutani kwake zilining'inia saa ishirini na mbili, na zote zilikwenda pamoja, kwa sababu kila asubuhi alizipitia moja moja kabla hajaonja chai. Walimu walipita pale kulinganisha saa ya shule. Hata kengele ya kanisa ilipigwa kwa kumfuata yeye.

Na alikuwa na kanuni moja. Mteja akija na kusema, "Fundi, hii imekufa, nitafutie nyingine," yeye alimjibu, "Umeifungua? Kama hujaifungua, umejuaje kwamba imekufa?" Basi anatoa mfuniko wa nyuma, anavaa kile kioo chake cha jichoni, na mara nyingi anakuta ni unywele mmoja tu umenasa kwenye meno. Miaka thelathini ya kazi, hakuwahi kutupa saa kabla ya kuifungua. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Fundi huyu alikuwa na binti. Binti alitaka kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, baba akakataa, wakarushiana maneno, na alfajiri moja binti akaondoka bila kuaga. Ikapita miaka minne bila baba na mwana kusemezana. Mama ndiye aliyeongea naye kwa simu, jikoni, kwa sauti ya chini. Na fundi, akiwa sebuleni, alijifanya hana habari, kumbe amezima redio ili asikie vizuri. Mnacheka? Wangapi humu tumewahi kuzima redio namna hiyo?

Sasa mwezi wa tisa binti akamwambia mama yake kwamba amepata mchumba. Harusi ni Novemba, hukohuko. Lakini hataki kusimama madhabahuni bila radhi ya baba. "Mama, Jumapili ya mwisho ya Oktoba nina zamu hospitalini. Simu zetu hukaa kabatini mpaka mapumziko, saa tisa alasiri. Huku ikiwa saa tisa, kwenu ni saa kumi. Mwambie baba nitampigia yeye mwenyewe, kwenye namba yake."

Mama akafikisha salamu. Fundi akainuka, akachukua kalamu, akaiendea kalenda na kuizungushia duara ile Jumapili. Mke wake alipoliona duara lile alikwenda stoo akalia peke yake kwa furaha. Alipotoka akajaribu bahati yake.

"Baba watoto, si umpigie wewe, hata leo? Oktoba ni mbali."

"Aliyeondoka bila kuaga ndiye apige hodi," akasema fundi. "Baba hapigi hodi kwa mwanawe."

Jumapili ikafika. Walipotoka ibadani wakaenda moja kwa moja kwenye kibanda chake cha kazi, kwa sababu mtandao wa nyumbani ulikuwa wa kusuasua. Fundi akaiweka simu juu ya meza, akaipangusa kioo, akaiegemeza kwenye kopo la skrubu. Ilikuwa saa nane na robo. Mnaona mtu alivyotaka? Tusimwonee, alitaka sana. Maneno ya radhi alikuwa ameyaandika kwenye kikaratasi asije akasahau, na kile kikaratasi alikikunja na kukikunjua mpaka kikaanza kuchanika.

Alikaa. Akainuka. Akafungua saa ya mtu, skrubu ikamdondoka, akapiga magoti kuitafuta, akainuka bila kuipata. Akamuuliza mke wake kama mtandao upo. Upo. Akamuuliza tena.

Saa kumi ikagonga. Zile saa zenye kengele zikalia zote kwa pamoja, na simu ikanyamaza.

Dakika tano. Dakika kumi. Fundi akatazama ukutani. Pale palikuwa na mashahidi ishirini na wawili, wote wakisema neno moja, kwamba binti amechelewa. Na wote yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha la kusema.

Huko nje nako kukaanza kelele. Jirani na fundi palikuwa na kibanda cha kuonyeshea mpira wa Ulaya, kile ambacho wenyewe hukiita kibanda umiza. Watu walikuwa wamejaa mlangoni wakilalamika kwamba mechi ya saa kumi haijaanza. Fundi hakupenda watu wa mpira. Mwenye kibanda alikuwa mtu mzima mwenzake, lakini tangu ahamie pale fundi hakuwahi kumwitikia salamu mpaka mwisho. Basi akatoka, ametuna kama andazi.

"Nyie watu! Nina simu ya maana hapa, hatuwezi kusikilizana!"

Mwenye kibanda akaja mbio, chaki mkononi. "Utuwie radhi mzee wangu. Hawa hawajasoma ubao wa ratiba. Leo kule Ulaya wamerudisha..."

"Sijakuuliza habari za Ulaya. Nimekwambia punguza kelele."

"Mzee, nilikuwa nataka tu kukueleza kwamba leo..."

"Sina muda na mpira!" Akafunga mlango.

Ndugu zangu, jibu la mashaka yake lilimfikia mlangoni, na chaki mkononi, naye akalifungia mlango kwa sababu lilikuja limevaa fulana ya mpira.

Saa kumi na nusu. Mke wake akasema, "Tungoje kidogo. Zamu za hospitali zina mambo."

"Hata mgonjwa mahututi anaachwa dakika moja," akasema fundi. Akaichukua simu, akabonyeza pale pa kurekodi sauti. Mke wake alidhani anamsalimia mtoto, akasogea. Naye fundi akasema hivi:

"Nilikaa nikakungoja kama mtoto mdogo. Mara ya kwanza uliondoka bila kuniaga, nikanyamaza. Leo umenidharau mara ya pili. Radhi yangu usiitafute tena. Mimi binti sina."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda, zikatokea tiki mbili za kijivu. Mama wa watu akaweka mikono kichwani. "Umefanya nini, baba watoto? Umefanya nini?" Fundi akaitia simu kwenye droo pamoja na saa za watu, akaifunga kwa ufunguo, akakaa. Hakujisikia kama alivyotegemea kujisikia. Hasira hasara, tumeimba tangu darasa la pili, lakini kila mtu huja kuielewa kwa siku yake.

Ilipobaki kama dakika tano kufika saa kumi na moja, hodi ikapigwa. Ni yule jirani, safari hii amevua kofia.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi kwa zile kelele. Sasa hivi wataingia ndani, mechi inaanza."

"Mechi si ya saa kumi?" fundi akauliza, bila kumtazama.

"Ilikuwa hivyo mpaka wiki iliyopita. Usiku wa kuamkia leo Ulaya yote wamerudisha saa nyuma, saa nzima. Kila mwisho wa Oktoba hufanya hivyo, baridi ikianza. Machi wanazipeleka mbele tena. Kwa hiyo mechi ya saa kumi leo kwetu ni saa kumi na moja."

Fundi akageuka. "Nchi nzima? Watu wazima na akili zao wanasogeza mishale?"

"Nchi nzima, mzee. Sisi wa mpira tumeshazoea."

"Na Ujerumani?"

"Ujerumani pia."

"Saa tisa ya Ujerumani," fundi akasema, "saa tisa ya Ujerumani leo, hapa kwetu ni saa ngapi?"

"Kumi na moja. Bado dakika tatu hivi."

Mganga hajigangi! Mtu wa kulinganishia saa mji mzima, asijue mkono wa saa ya mwanawe uko wapi. Akaurukia ufunguo, ukamponyoka. Droo ikafunguka, saa za watu zikamwagika chini, hakujali, akaitoa simu. "Naweza kuurudisha? Niambie, ujumbe unarudishwaje?" Jirani akasema, "Hajausikia bado, mzee, tiki bado za kijivu. Gusa hapo, shikilia, usiachie." Kidole kikateleza. Akajaribu tena.

Wakati huohuo, ndugu zangu, yule binti alikuwa anafungua kabati. Wala hakuchelewa. Alikuwa ametangulia dakika mbili, amekimbia ngazi ili apige saa tisa kamili kama alivyoahidi. Akawasha kioo, akaona jina la baba. Miaka minne jina hilo halijatokea kwenye simu yake. Mnadhani alifikiri nini? Alifikiri baba ameshindwa kungoja, ametangulia kumsemesha. Akawaambia wenzake, "Baba yangu amenitumia sauti yake!" Akaiweka sikioni.

Kule kibandani kwa fundi tiki mbili zikageuka za bluu.

Kisha saa za ukutani zikagonga kumi na moja. Simu haikuita.

Mtaniuliza, ikawaje? Fundi alipiga yeye. Yule aliyesema baba hapigi hodi, alipiga. Ikaita mpaka ikakatika, akapiga tena, na tena, mke wake amesimama nyuma yake na kile kikaratasi cha radhi mkononi. Je, binti alipokea? Mimi nami ningependa kujua. Nilipomwacha, alikuwa bado anapiga.

Sasa niambieni, kati yao nani alichelewa? Hakuna. Baba alikuwa kweli kwenye saa kumi, na binti kweli aliishika saa tisa yake. Sisi wa huku jua letu halina vituko. Linachomoza wakati uleule mwaka mzima, tukadhani ni hivyo kwa kila mtu. Mkeo yuko kwenye baridi yake huna habari. Ndugu yako saa yake imerudishwa nyuma na msiba ambao hakukueleza. Wewe unatazama ukuta wako, ukuta unakwambia amekudharau, na unauamini kwa sababu haujawahi kukupinga.

Yule mtu hakuwahi kutupa saa ya mteja kabla ya kuifungua. Mwanawe alimtupa bila kumfungua, kwa nusu saa. Na sisi tusijitoe. Mimi mchungaji wenu nimeshawahi kumfuta mtu kwa chini ya hapo, na inaniuma mpaka leo. Je, Mungu naye angetungoja nusu saa tu, ni nani kati yetu angekuwa amekaa kwenye benchi hili?

Haya, sasa ruksa, tazameni saa zenu. Mwenye maneno ambayo hajayatuma, ayashike kwanza, aulize. Na mwenye maneno ambayo ameshayatuma, asingoje nimalize kuomba. Inuka, toka nje, kapige. Mlango uko wazi, na hapa hakuna atakayekuhesabia kwamba umetoka kabla ya baraka.