Unga Ulio Mgongoni mwa Tandala

Mmebishana vya kutosha. Tangu mlipomwona yule tandala mweupe kule bondeni, huyu anasema ni mzimu, yule anasema ni ugonjwa wa ngozi, na wewe Ngasa umethubutu kusema ngozi ile ingependeza ukutani kwako. Sogeeni. Jambo hili ni la kwetu, na mtu hangoji wapita njia wamsimulie mambo ya kwao.

Zamani hizo tandala wote walikuwa na rangi moja, kijivu cha gome la mti, tangu puani hadi mkiani. Hawakuwa na mstari wala doa. Na watu wa kijiji chetu walikuwa na desturi waliyoishika kuliko zote: mwindaji hakutoka langoni bila kupakwa unga. Kazi hiyo ilikuwa ya bibi yetu Nyanzobe. Alfajiri alisimama langoni na kibuyu cha unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, akampaka kila mmoja kwenye paji la uso na kusema, "Nenda. Mkono wa mtu usikuguse." Aliyepakwa alikuwa mtoto wa kijiji. Hata hasimu yake wa miaka mingi akikutana naye porini alimpisha njia. Ndivyo tulivyoishi, na ndiyo maana wawindaji wetu walikwenda mbali wakarudi.

Basi Nyanzobe alizeeka, macho yakaingia ukungu. Wote walijua haoni vizuri, lakini nani amwambie? Ulimi wa bibi yule ulikuwa mkali kuliko upanga, na sisi wajukuu zake tumeurithi, kama mnavyosikia.

Mwaka mmoja, katika miezi ile ya njaa kabla ya mavuno, Mtemi Kasele aliona baragumu lake limepasuka. Baragumu la mtemi hutengenezwa kwa pembe ya tandala dume, na mtemi asiye na baragumu ni kama jogoo aliyepoteza sauti. Akamwita Mihambo, mjukuu wa Nyanzobe, mwindaji hodari, akamwambia alete pembe kubwa. Asipozileta, ahame nchi yeye na mkewe Limi na watoto wao.

Alfajiri ya safari ukungu ulikuwa mzito hata mtu hakuiona miguu yake. Wawindaji walipita langoni mmoja mmoja, wakapakwa. Nyuma yao akaja dume la tandala lililokuwa likikimbizwa na mbwa mwitu, limechoka, ulimi nje, likapita palepale walipopita wengine. Nyanzobe akasikia pumzi mbele yake. Akachovya vidole, akalipaka katikati ya macho. Mkono ukateremka hadi kidevuni, ukakuta ndevu ndefu.

"Na wewe utanyoa lini?" akasema. "Nenda. Mkono wa mtu usikuguse."

Ukungu ukapasuka kidogo; wawindaji wakageuka, wakaona, wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha kicheko kikawakauka. Pembe alizokuwa akizitafuta Mihambo zilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye upinde wake, na chini ya pembe hizo palikuwa na unga wa bibi yake.

Dume likaingia uani kwa Nyanzobe, likajilaza. Hakuna aliyelifukuza. Habari zikamfikia mtemi, naye akaja mwenyewe na watu wake. Alipoelezwa alitikisa kichwa.

"Bibi, desturi naiheshimu. Lakini ulichopaka ni uso. Uso ni wako, uache. Mwili na pembe ni vyangu."

Nyanzobe alimsogelea mnyama. Alichovya vidole kibuyuni, akavivuta ubavuni mwa mnyama, toka mgongoni kushuka tumboni, mara hii na mara hii, upande huu na upande ule. Kibuyu kikaisha.

"Bado nyama tele hapo katikati ya mistari," mtemi akasema. "Na unga umekuishia."

Hapo Limi akaingia ndani. Alitoka na kilindo chenye unga wa mwisho wa nyumba yake, ule uliobaki wa uji wa watoto. Mumewe alimtazama. Limi akaumimina wote juu ya mgongo wa tandala. Jirani yake akaona, akaenda kwake, akarudi na wake. Wakafuata wengine, hata wale waliokuwa hawasemezani tangu kiangazi. Wanawake wa kijiji chetu, katika mwezi wa njaa, walimmwagia mnyama wa porini chakula cha watoto wao, ili neno la bibi lisianguke. Nikisema hivi kifua kinanijaa, na sioni haya.

Wakampaka mpaka akawa mweupe wote. Unga wa mwisho kabisa ulitosha ncha za pembe tu. Mtemi akamgeukia Mihambo. "Futa unga huo, upige mshale. Ama sivyo fungasha leo hii."

Mihambo aliweka upinde chini. "Mtemi, siku uliyotawazwa, nani alikupaka unga? Si mkono huu huu? Ukiniamuru niufute kwa huyu, basi hata wako haufai kitu. Nianze na nani?"

Kasele alijigusa paji la uso, mbele ya watu wote, kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo. Kisha akageuka, akaenda zake. Mihambo hakuhamishwa. Na hadi anakufa, mtemi yule alipuliza baragumu lake bovu, linakoroma kama mbuzi mwenye mafua, na watu wetu walilisikia wakatabasamu.

Tandala aliamka, akatoka langoni taratibu, akaingia porini. Sisi tulikula mlenda bila ugali mpaka mtama ulipokomaa. Watoto walilia, mama zao walilia nao. Lakini hakuna mwanamke hata mmoja aliyesema anajuta. Nyanzobe alipoulizwa kama alama zitadumu, alisema, "Za vidole vyangu zitakuwapo kila siku. Weupe wenu utaonekana mara mojamoja, msije mkaringa." Tunaringa hata hivyo.

Basi tangu hapo kila tandala huzaliwa na alama nyeupe katikati ya macho na mistari ubavuni, na dume akikomaa, ncha za pembe zake huwa nyeupe. Na mara mojamoja sana, baada ya watu kuzaliwa na kuzeeka, huzaliwa mmoja mweupe wote. Wageni wakimwona humwita ajabu, wengine huvuta upinde. Mtu wa kwetu huweka upinde chini.

Kwa hiyo Ngasa, ukuta wako ubaki mtupu. Siku utakapomwona tena, na mgeni akakuuliza yule ni mnyama gani, simama wima umwambie: ule ni unga wa mama zetu, na tulikuwa na njaa tulipoutoa.