Mkono wa Limi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu bali ya juzijuzi, siku ya Jumamosi, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, saa kumi na dakika kumi alasiri, Nyanzobe alimtoa nyoka wake sandukuni akamtia kwenye ndoo. Saa hiyo inajulikana kwa sababu aliiandika. Nyanzobe aliandika kila kitu.

Tegeni masikio, maana mwisho wa maneno haya hauko kwangu, uko kwenu.

Nyanzobe alikuwa binti wa Nyabusungu, kijiji cha mabonde ya mpunga. Alisoma, akafika chuo kikuu, akasomea wanyama, akarudi kufundisha sekondari ya hapo hapo kwao. Wenzake walirudi na makochi. Yeye alirudi na nyoka watatu, swila wawili na kifutu mmoja. Hakuwachezesha ngoma, hakuwakamua sumu, hakuwauza. Aliwafuga kwa kuwapenda tu, kama mwingine anavyofuga njiwa. Watu walipomwuliza wanamfaa nini, alianza kueleza jinsi anavyowatunza, kana kwamba kutunza ndilo jibu.

Na kuwatunza aliwatunza. Kila nyoka na sanduku lake, kila sanduku na kioo chake, kila kioo na kufuli lake. Ufunguo aliuvaa shingoni. Hakufungua masanduku mawili kwa pamoja, wala hakuna mgeni aliyevuka mlango wa chumba kile. Kwa siku za kuosha masanduku alikuwa na ndoo maalumu ya kijani, mfuniko wake wa kuzungusha, neno NYOKA limeandikwa pande nne kwa rangi nyekundu. Hata waliomcheka walisema, kama kuna nyoka asiyeweza kumuuma mtu, ni nyoka wa Nyanzobe.

Alhamisi ndoo ya kijani ikapasuka. Jumamosi sanduku la kifutu likawa linanuka. Nyanzobe akachukua ndoo nyeupe ya jikoni, ile iliyokuja na rangi ya nyumba, akatoboa matundu kwenye mfuniko kwa msumari wa moto, akamtia kifutu. Neno NYOKA ataliandika akimaliza kuosha. Ndivyo alivyojiambia. Kisha, kwa kuwa dawa ya kuoshea ni kali na nyoka aliyefungiwa hana pa kuikimbilia harufu, akaitoa ndoo nje, akaiweka kivulini barazani, hatua nne kutoka mlangoni. Alizihesabu.

Sasa anakuja Luhende. Luhende ni mtoto wa mjomba wake Nyanzobe, na huko mabinamu ni watani. Mtani hupita kwako, akaona kitu, akakichukua. Hapigi hodi. Huacha gunzi la mahindi pale kitu kilipokuwa, ili ujue si mwizi, ni mtani. Nawe humfukuzi wala humpigii kelele; unangoja zamu yako. Mtani huchukua, mwenye mali hucheka. Mwaka uliotangulia Nyanzobe alichukua baiskeli ya Luhende, akaiendesha mwezi mzima, akairudisha na gunzi limefungwa kwenye usukani.

Luhende akapita saa kumi na nusu. Akaona ndoo nyeupe yenye mfuniko wa matundu, na Nyabusungu ndoo ya namna hiyo ni ya kubebea kuku. Akainyanyua. Uzito wa kuku. Akaitikisa. Ndani kitu kikafura, kikashusha pumzi ndefu ya hasira, kama tetea anayeatamia akiguswa. Luhende akacheka peke yake, akaweka gunzi, akabeba ndoo.

Kesho yake kikundi cha kupandikiza mpunga kilikuwa na zamu shambani kwa Limi, na Limi alikuwa akihangaikia kitoweo cha kuwalisha wenzake. Luhende akampelekea. Akamwambia huyu ni tetea wa mwalimu, mkali kama mwenyewe, na mwalimu atakuja kumlilia kesho akiwa sahanini.

Limi alikuwa rika la Nyanzobe, mama wa mtoto wa miezi mitano, mpandikizaji mwepesi kuliko wote bondeni. Alijua kumtoa kuku ndooni. Ukifunua mfuniko wote, kuku huruka. Basi huufunui wote. Unauinua kidogo, unapitisha mkono, unapapasa miguu.

Limi akauinua kidogo. Akapitisha mkono.

Sasa turudi kwa Nyanzobe. Alitoka chumbani saa kumi na dakika thelathini na saba. Ndoo haikuwepo. Palikuwa na gunzi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kikundi hakikulisikia, ila ninyi nawaambia. Alipoliona gunzi alijua. Alijua ni Luhende, alijua amebeba nini, na simu ilikuwa mkononi mwake, na namba ya Luhende ilikuwa ya tatu kutoka juu. Hakupiga. Kupiga kulikuwa kusema kwa mdomo wake kwamba amempoteza nyoka. Akajiambia kuwa Luhende atakwenda moja kwa moja nyumbani kwake, na yeye atamfuata, ataichukua ndoo kwa utani, watacheka, yataisha, na hakuna atakayejua. Akatoka. Hakukimbia, kwa sababu mwalimu akikimbia watu huuliza. Alitembea. Alimsalimu mwuza nyanya. Alimjibu mzee mmoja aliyetaka habari za shule. Akafika kwa Luhende saa kumi na dakika hamsini na tano, akakuta mlango umefungwa, jirani akamwambia Luhende kapita na kuku wake, yuko kwa Limi.

Ndipo alipopiga. Luhende akapokea. Nyuma yake mwanamke alikuwa analia.

Dakika kumi na nane.

Kwa Limi alikuwepo mama mkwe wake, Mama Kwangu, mwanamke mtu mzima, mwepesi wa mikono. Luhende alikuwa amekwisha kumuua kifutu kwa jembe. Mama Kwangu alikuwa amechukua kamba ya katani, akaufunga mkono wa Limi juu kidogo ya kifundo, akaikaza kwa kijiti mpaka nyama ikavimba pande zote mbili. Nyanzobe akafika akihema. Akaiona kamba. Alijua kuwa sumu ya kifutu hula nyama pale ilipo, na kwamba kamba iliyokazwa huifungia hapo hapo na kuzinyima damu vidole. Haya aliwahi kuwafundisha wanafunzi wake ubaoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Mayu, mama yangu, legeza kamba. Kamba itaua mkono."

Mama Kwangu hakuinua uso. "Nyoka ni wako, halafu na mkono nao unaujua wewe?"

Nyanzobe hakurudia. Alisema mara moja tu.

Pikipiki ikampeleka Limi hospitali, mama mkwe nyuma yake akimshikilia, kamba iko palepale. Ilifunguliwa saa mbili usiku. Limi alipona. Alilala huko siku tisa, akarudi na mkono wa kulia umefungwa bendeji, kidole cha shahada na cha kati havipo. Daktari alisema kidogo ni sumu, kidogo ni kamba, na hakusema kipi ni kidogo zaidi.

Nanyi mnajua mpunga hupandikizwaje. Mche hushikwa kwa gumba na hivyo hivyo viwili vilivyoondoka.

Kikundi cha kupandikiza kilikuwa na sheria yake, ya tangu enzi za bibi zao. Mwanakikundi akiumia kwa kosa la mtu, mwenye kosa huwa mkono wake. Humpandia, humpalilia, humvunia, humtekea maji, mpaka mpunga uingie ghalani. Na mkono ni wa mtu mmoja. Zamani waliwahi kuwapa watu watatu kazi ya mkono mmoja. Kila mmoja akamngoja mwenzake, jaruba likaota magugu, mwenye shamba akala mihogo mwaka mzima. Tangu hapo hutajwa mtu mmoja, na akitajwa ametajwa.

Siku ya kumi, Jumanne alasiri, kikundi kikakaa uwanjani kwa kiongozi wao, Bi Ng'washi. Miche ya Limi ilikuwa kitaluni inarefuka na kugeuka njano; ikipita wiki haishiki tena. Wakaitwa watatu waseme.

Luhende akasema, "Nilichukua ndoo ya mtani. Baba alichukua, babu alichukua. Mtani huchukua, mwenye mali hucheka. Nani hapa amewahi kuchukua kitu cha mtani akauliza kwanza kama kinauma? Ningejuaje? Ndoo ilikuwa ya kuku, matundu ya kuku, barazani. Nimekosa wapi?"

Mwanamke mmoja akamjibu kwamba amekosa kumpa mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hakukifungua. Wengine wakasema kweli, wengine wakasema utani si kesi.

Mama Kwangu akasema, "Nilikuta mkwe wangu anakufa. Nilimfunga kama nilivyofungwa mimi nikiwa msichana, na vidole vyangu hivi hapa, hesabuni. Nimekosa kutaka aishi? Huyu aliyesoma aliniambia nilegeze, ni kweli aliniambia. Lakini aliniambia kama mtu anayeomba chumvi. Mwenye kujua angeivuta ile kamba mikononi mwangu."

Akaketi, akaanza kulia bila sauti, na hakuna aliyeweza kumkatisha wala kumbembeleza.

Nyanzobe akasimama. Aliwaambia saa aliyomtoa nyoka, ndoo iliyopasuka na siku iliyopasuka, matundu ya msumari, dawa ya kuoshea, hatua nne. Aliwaambia kuwa neno NYOKA halikuandikwa na kwamba kosa hilo ni lake. Aliwaambia hata idadi ya matundu. Alipofika kwenye gunzi akasema, "Nikaitafuta ndoo." Maneno mawili hayo, akaendelea.

"Mwalimu," akauliza mwanamke mmoja nyuma, "kumbe kuku wa chuo kikuu hutaga sumu?"

Watu wakacheka, maana walikuwa wamechoka kutocheka. Nyanzobe alisimama palepale mpaka kicheko kikaisha. Kilichomchoma hakikuwa kicheko. Ni kwamba watu kadhaa walitikisa vichwa na kunong'ona kuwa angalau mwalimu amesema kila kitu.

Limi akaulizwa anamtaka nani. Akasema yeye anataka mpunga.

Bi Ng'washi akasema maneno ni mengi na jua linashuka. Akawaambia wote wakutane shambani kwa Limi kesho saa moja asubuhi. Kabla mche wa kwanza haujaingia kwenye tope, jina moja litatajwa.

Nyanzobe akarudi nyumbani. Akawapa maji swila wawili waliobaki, akafunga kufuli, akalivuta mara tatu kuhakikisha. Akachukua daftari lake akatafuta ukurasa wa tarehe kumi na moja. Palikuwa na saa kumi na dakika kumi. Palikuwa na saa kumi na thelathini na saba. Kilichofuata ni mstari mtupu, kisha Jumapili. Ndiyo siku pekee katika daftari lile iliyokuwa na mstari mtupu. Alikalia kitanda akiutazama, na uso ukamwaka moto kana kwamba amepigwa kofi mbele ya darasa.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili na dakika arobaini, alikuwa uani kwa Limi.

Limi alikuwa amesimama peke yake, ameinama, mtoto mgongoni, anajaribu kumfunga kwa kanga. Ncha moja aliishika kwa mkono mzima, ya pili aliibana kwa meno. Kanga ikateleza. Akaanza tena. Ikateleza. Mtoto akaanza kulia. Nyanzobe akasogea akanyoosha mikono.

"Acha," Limi akasema, kanga ikiwa bado menoni. "Kikundi hakijakutaja."

Nyanzobe akashusha mikono. Kisha akamwambia. Hakumwambia vizuri, yeye aliyezoea kupanga maneno. Alianza na mwuza nyanya, akarudi kwenye gunzi, akaenda kwenye simu. Alimwambia namba ilikuwa ya tatu kutoka juu. Alimwambia hakukimbia, na sababu ya kutokimbia. Alimwambia ni dakika kumi na nane na kwamba dakika hizo zilipoanza ndoo ilikuwa bado imefunikwa.

Limi alisikiliza akiwa ameinama vilevile. Akauliza jambo moja. "Wale wengine wawili bado unao?"

"Ninao."

Mtoto akalia zaidi, akaanza kuteleza upande. Limi akaiachia kanga kutoka menoni.

"Njoo umfunge, ataanguka," akasema. "Na wenzangu wakifika, hayo uliyoniambia mimi sitayasema. Useme mwenyewe, au usiseme."

Nyanzobe akamfunga mtoto. Alikaza, akapima kwa vidole viwili kama kanga haimbani, akapiga fundo. Upande wa bondeni sauti za wanawake zilikuwa zinakuja, na ya Luhende, na ya Mama Kwangu.

Mimi nimefika mwisho wa njia yangu, ninyi endeleeni. Yupo aliyefuga kifo kwa kukipenda, akakitunza siku zote isipokuwa moja, kisha akatembea badala ya kukimbia. Yupo aliyebeba asichokifungua akampa mwenzake akifungue. Yupo aliyekaza kamba kwa huruma, na aliambiwa. Shamba ni moja, na mkono ni wa mtu mmoja. Je, nani alistahili kuwa mkono wa Limi?