Sebule ya Bwana Shekue

Bwana Shekue, tajiri wa minazi, alijenga nyumba kwenye kiwanja alichorithi pamoja na dada yake mjane, Bi Somoe. Siku ya kugawa vyumba alimwamuru fundi sebule imeze nusu ya nyumba. Bi Somoe akaonyeshwa kipembe ambamo kitanda kingeingia kwa kusukumwa.

"Una neno?"

"Sina, kaka. Tena sebule umeipatia. Wenzangu wa lelemama watafurahi."

"Wewe na ngoma tangu lini?"

"Tangu nitoke eda. Ndiyo inayonituliza. Chumbani kwangu hatutaenea, basi tutachezea sebuleni kwako kila alasiri."

Shekue, ambaye usingizi wa alasiri ulikuwa roho yake, alimwita fundi mbio. Ukuta ukasogezwa. Sebule ikabaki ya viti vichache, na chumba cha Bi Somoe kikawa kikubwa kuliko vyote, mlango wake ukielekea uani ili kelele ziishie huko.

Walihamia, miezi ikapita, ngoma haikusikika.

"Dada, wenzako mbona hawaji?"

Bi Somoe alijinyoosha kitandani. "Kaka, hebu nivumilie. Bado natafuta mtu wa kunifundisha hiyo lelemama."