Mipapai ya Bwana Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Nimekuja na kikapu kichwani.

— Kitue tukione!

Nikikitua, mtanyamaza?

— Tutanyamaza, ila pa kucheka tutacheka!

Haya, kicheko ruhusa. Anayesinzia akae nyuma, asije akaniegemea.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima na kubadilishana mazao, palikuwa na gulio ng'ambo ya mto, kila Jumamosi. Katika gulio hilo kila kitu kilikuja kwa wakati wake. Wakati wa maembe uliona maembe, mpaka nzi wakachoka. Maembe yakiisha, yalikuja mahindi mabichi ya kuchoma. Mahindi yakikauka, yalikuja machungwa. Hakuna aliyedai chungwa wakati wa embe, na hakuna aliyenuna. Ukitaka kujua mwezi gani, ulinusa hewa tu.

Ng'ambo ya huku, chini ya majabali, aliishi Bi Pimbi. Mnamjua Pimbi. Mdogo, mviringo, hata mkia hana. Alikuwa na watoto wawili na shamba la mipapai. Kila mwaka, kabla ya masika, alibeba mapapai yake, akavuka mto, akayabadilisha gulioni kwa mtama. Maana masika yakishuka mto hufurika, gulio linafungwa, na mtama ulioko ndani ya nyumba ndio huohuo mpaka maji yapungue. Usipokuwa nao, watoto wanalala njaa. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, pale kivukoni, akaja akakaa Bwana Kiboko.

Bwana Kiboko hakuwa na shamba. Hajawahi kupanda hata mchicha. Lakini alikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe mnaujua. Alisimama katikati ya mto, maji yakimfika tumboni, na kila aliyepita alimwita.

"Nani huyo anapita?"

"Ni mimi, bwana, mkulima mdogo."

"Shusha! Jaza! Ongeza mpaka kilemba kisimame!"

Basi mkulima anashusha kikapu, anajaza, anaongeza, mpaka mazao yanapanda kupita ukingo kama kilemba cha bwana harusi. Rundo lile la juu ndilo waliloliita lumbesa. Na lumbesa ilikuwa ya Kiboko. Anafungua mdomo, aaaah! Anafunga, gwap! Lumbesa haipo.

Mwanzoni alikula lumbesa akaacha kikapu. Watu wakasema, si neno, ndiyo ushuru wa wakubwa. Mwaka uliofuata akala kikapu, akaacha lumbesa. Hapo watu hawakusema kitu, maana walikuwa wanalia.

Mwaka huo Bi Pimbi alirudi nyumbani na mtama wa kujaza kiganja. Masika yote watoto wake walikula majani ya kuchemsha. Jioni moja aliwasikia wanakwangua chungu kitupu kwa kijiko, kwaru, kwaru, kwaru, wakijifanya wanapakua ugali. Iliuma. Akasema moyoni, masika mengine sitaki kuisikia sauti hiyo.

Mvua za vuli zikaja, mipapai ikachanua. Siku hiyo Bi Pimbi alikuwa ameketi mlangoni ananoa panga, shwa, shwa, shwa. Kila mkulima wa mipapai hunoa panga wakati huo. Mbegu za papai hazisemi zitakuwa nini. Unapanda, unamwagilia, unangoja, na mti ukichanua ndipo unajua kama ni jike au dume. Majike unayaacha. Madume unayakata, unabakiza moja la kusaidia wenzake. Bi Pimbi alikuwa na madume mengi mwaka huo, mengi mno, na alikuwa amenuna.

Akainua panga mbele ya dume la kwanza. Akaangalia maua yake. Dume la mpapai lina mambo! Maua yananing'inia vishada kwa vishada, meupe, yananukia, nyuki wamejaa, vuuu, vuuu. Halafu akaangalia jike la pembeni. Viua vichache tu, vimejibana kwenye shina, kama vinaona haya.

Akashusha panga. Akacheka kidogo. Akarudi ndani, akapaka mafuta usoni, akaenda kivukoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Kikapu kiko wapi?"

"Leo sina kikapu, bwana. Nimekuja kukuonea huruma."

"Mimi?"

"Wewe. Kila Jumamosi unasimama kwenye maji baridi kungoja lumbesa. Mtu mzima, mwenye mwili wake! Ng'ambo huko matajiri hawafanyi hivyo. Wao wanachukua mazao shambani, yakiwa bado maua. Wanachagua miti, wanafunga kamba, wanakwenda kulala."

Kiboko akatikisa masikio, fya, fya. "Endelea."

"Njoo shambani kwangu. Chagua miti unayotaka, yote unayotaka. Uifunge kamba ya mgomba. Yenye kamba ni yako mpaka masika. Isiyo na kamba ni yangu, na mazao yake yanavuka mto bila lumbesa."

"Nichague mimi? Kwa macho yangu?"

"Kwa macho yako. Mimi sitagusa."

Kiboko akatoka majini, maji yakamtiririka, akapanda njia ya shambani, ndi, ndi, ndi. Wakulima wengine wakamfuata kwa nyuma, kila mmoja anataka kuona. Mbele kabisa alikuwa Bi Kanga, jirani yake Bi Pimbi, mama mwenye vitone na mdomo usiotulia.

Kiboko akaingia kati ya mipapai. Akatazama huku, akatazama kule.

"Huu una maua machache," akasema mbele ya jike. "Huu nao, maua machache. Pimbi, huu ni mti au ni kijiti?"

"Ndiyo hivyo, bwana. Maua machache."

Akafika kwenye dume. Akasimama. Macho yakamtoka.

"Na huu je?"

"Lo," Bi Pimbi akasema, akashika kifua. "Katika shamba hili lote, bwana, hakuna mti wenye maua kuliko huo."

"Naufunga!"

Akaufunga kamba. Akaenda dume la pili. "Naufunga!" La tatu. "Naufunga!" Kila dume, kamba. Kila dume, kamba. Bi Pimbi akajifunika uso kwa kanga yake, mabega yakawa yanatikisika. Kiboko akadhani analia.

"Usilie, mama. Ndiyo biashara."

"Nivumilie tu, bwana," Bi Pimbi akasema kutoka ndani ya kanga. "Siwezi kujizuia."

Nyuma yao wakulima walikuwa wanatazama chini, kila mmoja anauma mdomo. Bi Kanga alitaka kusema neno. Akakanyagwa mguu. Akanyamaza, na kunyamaza huko kulimpa homa.

"Sasa apa, bwana," Bi Pimbi akasema. "Mbele ya watu."

Kiboko akanyoosha shingo. "Nikigusa mti usio na kamba, mto huu unikaukie!" Na kwa Kiboko hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho.

Alipogeuka kuondoka, Bi Pimbi akamwambia taratibu, "Mwenye mali ndiye mlinzi wake, bwana. Na mwizi wa matunda anapenda Jumamosi, kwa sababu ya gulio."

Hilo likamwingia. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Kiboko alikaa shambani. Nani atakaa kivukoni wakati maua yake yako shambani? Tumbili akitokea, "Toka!" Kunguru akitua, "Ruka!" Na mnajua Kiboko akipata haja anavyofanya, anazungusha mkia kama feni, pwata! pwata! pwata! Shamba lote likapata samadi, miti yenye kamba na isiyo na kamba. Majani ya mipapai yakawa kijani cha kung'aa. Bi Pimbi hakuwahi kuwa na shamba zuri namna ile.

Na kule mtoni? Kule mtoni watu walivuka. Walivuka na maembe yao, vikapu vimejaa mpaka ukingoni tu, hakuna kilemba. Walipofika katikati ya maji walijikuta wanataka kushusha, kwa mazoea. Halafu wanakumbuka, wanacheka, wanaendelea.

Siku zikaenda. Viua vile vichache vya majike vikanyauka, nyuma yake vikatoka vipapai kama ncha ya kidole. Vikawa kama ngumi. Vikawa kama kibuyu. Kiboko akaona.

"Pimbi! Mbona miti yako ina matunda?"

"Yangu imeacha kuchanua, bwana. Yako bado inachanua. Umewahi kuona mti unachanua hivyo?"

Kiboko akatazama juu. Maua mapya, meupe, yananukia. "Sijawahi," akasema.

"Hata mimi."

Akatulia. Jumamosi nyingine akauliza tena. Bi Pimbi akamwonyesha maua tena, na Kiboko akatulia tena. Alikuwa anakula majani ya kando ya njia, anakonda, anajiambia moyoni, nitakula mapapai mpaka nipasuke.

Mapapai ya Bi Pimbi yakaanza kupiga manjano. Mawingu ya masika nayo yakaanza kukaa juu ya milima. Jumamosi ya mwisho ya gulio ikafika. Bi Pimbi akachuma tangu alfajiri, akafunga vikapu vyake, akaviweka njiani. Ndipo Kiboko akaja, ndi, ndi, ndi.

"Leo na mimi navuna," akasema.

Akasimama chini ya dume kubwa kuliko yote. Akafungua mdomo, aaaah! Akausukuma mti kwa bega. Pukupuku, pukupuku, pukupuku! Mdomo ukajaa maua. Akafunga, gwap. Akatafuna. Akatema. Akaenda mti mwingine. Pukupuku, maua. Mti mwingine. Maua.

"Pimbi. Papai liko wapi?"

"Hiyo ni mipapai dume, bwana. Dume halizai."

"Hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Ulitaka maua mengi, na maua umeyapata."

Kiboko akanguruma, ardhi ikatetemeka. Akainua mguu juu ya jike lililokuwa karibu, mguu mnene kama kinu. Bi Pimbi akageuka kutazama vikapu vyake. Mti ule ukienda na mingine itakwenda, na vikapu vile pale njiani, na mtama, na kijiko kitarudi kukwangua chungu. Lakini hakukimbia. Atakimbilia wapi na miguu ile?

"Kanyaga, bwana," akasema. "Kiapo ni chako na mto ni wako. Ila gulioni wataniuliza nani ameharibu shamba. Nami nitaeleza tangu mwanzo. Nani alichagua kwa macho yake. Nani alikaa kulinda maua msimu mzima. Nani alitia samadi."

Mguu ukabaki juu. Kiboko akaliona gulio lote linacheka, ng'ambo ile na ng'ambo hii, mpaka watoto walio mgongoni. Akaushusha mguu taratibu, akauweka njiani.

"Usiseme," akanong'ona.

"Na kivukoni?"

"Pita."

"Na wenzangu?"

"Wapite."

"Na lumbesa?"

Kiboko akameza mate. "Lumbesa basi."

Bi Pimbi akajitwika kikapu, akavuka. Akarudi na mtama, akavuka tena na kikapu kingine, mpaka vikaisha. Matone ya kwanza ya masika yalimkuta mlangoni. Jioni ile watoto wake walikula ugali, wakabakiza chunguni, wakalala wamejinyoosha. Bi Pimbi alikaa karibu nao akisikiliza. Nyumba ilikuwa kimya, mvua tu juu ya paa.

Na siri aliitunza. Hakumwambia mtu yeyote, mpaka anazeeka. Ila nyuma ya ua wa shamba, siku ile Kiboko alipotafuna maua, alikuwepo Bi Kanga. Na Bi Kanga alikuwa amenyamaza tangu vuli! Mvua zilipokatika tu, alikimbia ukingoni mwa mto, akafungua mdomo, kerekekekeke! kerekekekeke! Mpaka leo hajamaliza kusimulia. Kiboko naye mpaka leo anashinda majini, macho na masikio tu ndiyo nje. Akimsikia Kanga ukingoni, bluuu, anazama.

Madume yale Bi Pimbi aliyakata yote, akabakiza moja. Kamba yake hakuifungua. Alisema ni heshima kwa mwenyewe.

Na funzo je? Hadithi ikikosa funzo hamtaki kwenda kulala. Funzo ni hili: watoto, msimcheke mnunuzi anayechagua kwa maua. Mkaribisheni shambani, mpeni kiti, mpeni kamba. Hakuna anayetoa samadi nzuri kama yeye. Na mseme kweli daima, kama Bi Pimbi, ambaye siku ile yote hakusema uongo hata mmoja.

Kikapu changu kitupu.

— Kipindue!

Nimekipindua. Mwenye shamba aende akanoe panga.

— Na mwenye maua?

Mwenye maua azame.