Kofi Ambalo Wabiwa Hakulisikia

Sikio lililolelewa na mizinga halisikii kofi. Mmelisikia neno hili asubuhi kwa mama mmoja kwenye kikao cha ndoa ya jirani, mkacheka, mkadhani anawatania wazee wenye masikio mazito. Sasa mmekuja kuniuliza mimi. Haya, kaeni, na wewe weka chini hiyo simu. Chanzo cha methali hii ni mambo yaliyomkuta mwanamke mmoja wa Namikalo, jina lake Wabiwa, na hakuwa kiziwi hata kidogo.

Wabiwa alikuwa bado mtoto wa kubebwa akichoka, vita vilipofika Namikalo. Mizinga ililia kutoka ng'ambo ya mto, watu wakakimbilia mashamba ya mihogo. Alilala kifudifudi kati ya matuta, mama yake amemziba mdomo kwa kiganja, akimnong'oneza: "Ukilia, watakuja." Hakulia. Mtoto wa jirani alilia, nao wakaja. Tangu siku hiyo Wabiwa alishika jambo moja moyoni, kwamba anayenyamaza ndiye anayepona.

Vita vikaisha, watu wakajenga upya. Wabiwa akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa kaka yake, akawa shangazi wa ukoo. Na kwa desturi ya kule, shangazi si mtu wa kupelekewa sukari sikukuu tu. Binti akikimbia kwa mumewe, shangazi ndiye anayemsikiliza, na shangazi ndiye anayemrudisha, na kuku mkononi. Hukaa pale mpaka apikiwe. Akishakula chakula cha nyumba ile, shauri limekwisha.

Wabiwa aliyakata mashauri hayo upesi. Binti hajamaliza kusimulia, yeye anauliza: "Nyumba imeungua?" Haijaungua. "Kuna maiti?" Hakuna. "Basi ni kofi tu, mwanangu. Sisi tumeona makubwa." Wala hakuwa mwovu. Aliwapenda mabinti wale, na aliamini kwa moyo wote kwamba anawafundisha kupona.

Ndipo akaja Nyasa, binti wa kaka yake, na mtoto wake Feza mgongoni. Jicho la Nyasa lilikuwa limevimba na sauti imemkauka. "Shangazi, safari hii ataniua," alisema. Wabiwa akamkanda kwa maji ya moto, akampikia uji, kisha akamuuliza maswali yake yale yale. Asubuhi akachukua kuku, akamrudisha Nyasa kwa mumewe, Alimasi.

Alimasi aliwapokea kwa heshima zote. "Shikamoo, mama mkwe. Karibu sana." Akamletea kiti barazani. Nyasa akaingia ndani kupika, Alimasi akamfuata. Wabiwa akaomba ungo wa maharage achambue, maana mikono yake haikujua kukaa bure, na Feza akaketi miguuni pake akimwokotea vijiwe.

Ndani kitu kikalia, pa! Wabiwa akaendelea kuchambua. Kikalia tena. Mwanamke aliyekuwa akipita njiani na ndoo ya maji akasimama, akautazama mlango. "Habari za huko, mama?" Wabiwa akamsalimu. Yule mama akaitua ndoo, macho bado mlangoni.

Alipoinama kufuata vijiwe, Wabiwa aliona kwamba Feza haokoti tena. Mtoto alikuwa amejikunja nyuma ya kiti, amejiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, macho yamemtoka.

"Una nini, mjukuu wangu?"

Feza akafumbua vidole kidogo. "Ukilia, anakuja."

Ungo ukamponyoka Wabiwa. Maneno ya mama yake hakuwahi kumsimulia mtu, na mtoto huyu hajasikia mzinga tangu azaliwe. Kitu kikalia tena ndani, na sasa Wabiwa akakisikia. Lilikuwa kofi. Baada yake hakukuja kilio chochote, na kimya kile kilimtisha kuliko kofi lenyewe, kwa sababu alikijua.

Akausukuma mlango. Nyasa alikuwa amebanwa ukutani karibu na mafiga, mkono wa Alimasi uko kooni mwake.

"Mwache."

"Rudi barazani, mama mkwe," Alimasi alisema bila kugeuka. "Chakula kinakuja. Ni kofi tu."

"Nimesema mwache!"

"Si wewe uliyesema mbele ya ukoo wetu kwamba kofi si neno? Leo limekuwa neno?"

Wabiwa hakuwa na nguvu za kushindana na mwanamume yule, na wote wawili walilijua hilo. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akapiga yowe, lile la kuitia watu penye moto, akalirudia mpaka kifua kikamuuma. Yule mama wa ndoo akalipokea njiani, na nyumba za jirani zikalipokea. Alimasi akalegeza mkono. Watu walipojaa uani, Wabiwa alikuwa ameshatoka, mkono mmoja kamshika Nyasa na wa pili Feza. Kuku kamwacha palepale, na chakula hakukila.

Jioni wazee wakaita kikao. Mkubwa wao, Mzee Lukele, akakohoa. "Wabiwa, desturi unaijua. Umemrudisha mke, kisha umemtoa kabla hujala. Tukuulize kama ulivyotuzoesha. Nyumba imeungua?"

"Haijaungua."

"Kuna maiti?"

"Bado."

Wabiwa akawatazama mmoja mmoja.

"Mzee Lukele, siku ile ya mihogo wewe ulilala tuta la pili kutoka kwangu. Na wewe pale, mama yako alikuziba mdomo kama mimi. Sote tunaohukumu ndoa za kijiji hiki ni watoto wa vita vile. Kila kilio tumekipima na mizinga, tukakiona kidogo. Leo mtoto wa ndugu yangu amepigwa nyuma ya mgongo wangu, nami nachambua maharage. Sikio lililolelewa na mizinga halisikii kofi. Na mabinti wote niliowarudisha, nani aliwasikia?"

Hapo akalia mbele za watu.

"Nyasa yuko wapi?" Mzee Lukele akauliza.

"Kwangu. Amelala na mwanawe."

"Basi asiamshwe."

Na Alimasi alipokuja na nduguze kumdai mke, hakupewa.

Hayo ndiyo mama yule aliyokuwa akiwakumbusha wazee wetu asubuhi, nanyi mkacheka. Nami niliyeona makubwa ya kwangu nimo miongoni mwa walioambiwa. Nikisema "kofi tu" mbele yenu, msinyamaze kwa adabu. Nirudishieni neno hili usoni: sikio lililolelewa na mizinga halisikii kofi.